Katekista Aliyetangaza Kuchoka

Miaka ile soko huria lilipoanza kushika kasi, Mwalimu Isdori alikuwa kitu pekee pale Katandala ambacho hakikupanda bei. Chumvi ilipanda, sabuni ikapanda, mbolea ikapanda mpaka watu wakawa wanaitaja kwa heshima kama jina la ukoo. Mwalimu Isdori aliendelea kupatikana bure, siku zote, kwa yeyote aliyegonga mlango.

Alikuwa katekista wa kigango cha Mtakatifu Yosefu, kanisa la matofali ya kuchoma lililojengwa pale nyumba za mji zinapoishia na mashamba ya mahindi na ulezi yanapoanza. Padre alikuja kutoka parokiani mara mojamoja, gari likiwa zima na barabara ikipitika. Siku nyingine zote Isdori ndiye aliyeongoza ibada, akafundisha ubatizo na komunio ya kwanza, akazika, akapatanisha wanandoa na kutembelea wagonjwa. Mvua ikivuja kanisani, ni yeye aliyepanda juu ya paa, kwa sababu vijana wote wa kwaya waligundulika kuwa wanaogopa kwenda juu.

Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Kate, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na daima alivaa koti la mtumba lenye vifungo vya kung'aa na kamba za dhahabu mabegani. Bila shaka koti hilo liliwahi kuwa la mpiga tarumbeta wa bendi ya nchi fulani ya baridi. Isdori hakulijali hilo. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba hauulizi koti lilitoka wapi.

Zamani kazi yake ilikuwa nyingi lakini ilibebeka. Ikaongezeka pale mambo yalipobadilika. Ghala la ushirika lilifungwa likabaki na popo, na ruzuku ya mbolea ikaondolewa. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba maombi bado yana ruzuku. Mwenye shamba lililodumaa alikwenda kwa Mwalimu. Mwenye mtoto aliyekimbilia machimboni alikwenda kwa Mwalimu. Aliyefungua kibanda cha biashara akaona jirani naye kafungua cha namna ileile mlangoni pake alikwenda kwa Mwalimu, na jioni yake huyo jirani naye akafika, akitaka kuombewa dhidi ya mpinzani. Isdori aliwaombea wote wawili, akaziachia mbingu zijue la kufanya.

"Baba Jane, umechoka," mkewe Scola alimwambia siku moja. Binti yao Jane alikuwa ameolewa mbali, lakini jina lake lilibaki nyumbani likitumika.

"Katekista hachoki, Mama Jane. Tulifundishwa chuoni."

"Aliyewafundisha alikuwa na mke?"

"Alikuwa padre."

"Basi hakuwa na mtu wa kumwambia."

Uchovu wenyewe ulijitokeza hadharani siku ya mazishi ya mzee Fransisko. Watu walikuwa wengi, mvua ya manyunyu ikinyesha, na mbele kabisa kaburini alisimama Felisian, mpwa wa marehemu, fundi seremala mwenye afya yake. Isdori alifungua kitabu, akainua mkono, akamwomba Mungu kwa sauti iliyosikika hadi barabarani ampokee mtumishi wake Felisian, amsamehe Felisian, na ampe Felisian pumziko la milele.

"Mwalimu!" Felisian alipiga kelele. "Mimi bado nipo!"

Watu walicheka, kisha wakakumbuka wako msibani, wakaugeuza mcheko kuwa kikohozi. Isdori alisahihisha jina, akamalizia maziko, akarudi nyumbani akiwa na aibu mpaka kwenye vifungo. Jioni Felisian alimfuata. Hakutaka kuombwa radhi; alitaka maombi yale yarudishwe.

"Yatarudishwaje, Felisian? Mungu anajua nilimaanisha nani."

"Mimi nataka ajue kwa maneno, Mwalimu. Kama ulivyompelekea kwa maneno."

Basi Isdori alipiga magoti na fundi seremala, akamweleza Mungu kwamba kulitokea makosa ya jina. Felisian aliondoka ameridhika. Isdori alibaki pale sakafuni, kwa kuwa miguu ilikataa kumwinua. Ilibidi Scola amshike kwapani.

Keshoye alikwenda kwa Zenon. Huyu alikuwa mwenyekiti wa walei kigangoni, mwenye mashine ya kusaga na duka lililozidi kunenepa. Zamani Zenon alimaliza kila hotuba kwa kulaani unyonyaji. Siku hizi alimaliza kwa kusifu ushindani, kwa sauti ileile na kidole kilekile hewani. Alimkaribisha Isdori juu ya gunia la pumba.

"Mwenyekiti, naomba nipumzike kidogo. Atafutwe mtu wa kunishikia kazi."

Zenon alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mto Lwiche umeomba likizo. "Uchovu ni wa mwili, Mwalimu. Wewe ni mtu wa roho."

"Roho yenyewe ndiyo imechoka."

"Aa, hilo ni zito." Zenon alifikiri, mashine ikiunguruma nyuma yake. "Hilo linahitaji kikao."

Kikao hakikuitishwa, kwa sababu mtu wa kuwapitia wajumbe nyumba kwa nyumba na kuwaita alikuwa Isdori.

Jumapili iliyofuata, Isdori aliongoza ibada kama kawaida. Alifika kwenye matangazo. Akatangaza usafi wa kanisa, akatangaza ndoa, akatangaza mwavuli uliookotwa. Kisha akakishika kitabu kwa mikono miwili.

"Tangazo la mwisho," akasema. "Mimi nimechoka."

Scola, kwenye benchi la akina mama, aliinua uso. Halafu kutoka upande wa kwaya Mama Cornelia, mwanamke mwenye moyo mwepesi na sauti nzito, alitoa "Amina!" iliyotikisa bati. Kwaya ikaipokea ile amina kwa wimbo, ngoma ikaingia, watu wakasimama wakapiga makofi na vigelegele. Isdori alisimama mbele katika koti lake la bendi, akisubiri pengine atatokea mtu wa kuuliza swali. Hakutokea.

"Leo Mwalimu amehubiri!" watu waliambiana nje. "Maneno mawili tu!"

"Ni mimi aliyekuwa akinisema," alisema Mama Cornelia, akifuta machozi na ncha ya kitenge. "Amejuaje kwamba nimechoka?"

Scola hakukubali yaishie hapo. Alimfuata Zenon mlangoni mwa kanisa, akamwambia mbele ya watu kwamba lile halikuwa fundisho, mume wake anakaribia kuanguka. Zenon alishtuka kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa mikutano. Kabla watu hawajatawanyika alikuwa ameunda Kamati ya Faraja, yeye mwenyekiti, Mama Cornelia katibu, na wajumbe kila aliyekuwa karibu.

Kamati ilianza kazi jioni ileile. Ilifika nyumbani kwa Isdori ikiwa kamili, ikaimba, ikasali, ikakaa. Wageni wakiwa wamekaa, mwenye nyumba hawezi kuwaangalia tu. Scola aliwasha moto, akasonga ugali wa ulezi, akapika samaki wakavu, migebuka aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu. Kamati ikala kwa moyo wa faraja. Mama Cornelia akaeleza habari za goti lake, tangu lilipoanza. Mjumbe mwingine akaeleza ya mkwewe. Mwingine akalia, kwa sababu shamba lake lilikuwa la njano na mbolea hakuna. Giza lilipoingia ni Isdori aliyekuwa akimshika bega huyu, akimwombea yule, akimshauri wa tatu kuhusu majani ya kukanda goti. Walitoka wamechangamka.

"Mgonjwa anaendelea vizuri," Mama Cornelia aliripoti kigangoni. "Ametufariji sana."

Wakarudi kesho, na keshokutwa, na wiki nzima, hadi kuni za Scola zikaisha.

Zenon alipoona hali haibadiliki aliamua kuchukua hatua kubwa zaidi. Ilikuwa Kwaresima, na wakati ule semina zilikuwa zimeingia mjini pamoja na mitumba. Hapakuwa na tatizo lisilofanyiwa semina. Akamwalika mtoa mada, bwana mmoja mtanashati wa kaunda suti aliyekuwa na shughuli zake mjini, aje kufundisha juu ya kubebeana mizigo. Kipaza sauti kikakodiwa na kufungwa kwenye betri ya gari. Mabenchi yalitakiwa yatolewe kanisani yapangwe uwanjani. Aliyeyatoa na kuyapanga, mnamjua.

Mtoa mada alianza na mizizi ya uchovu, akaenda kwenye matawi. Ulikuwa msimu wa palizi. Watu walikuwa wameamka na jembe kabla ya kuja, na jua lilikuwa limetoka vizuri baada ya mvua. Mmoja mmoja vichwa vililala vifuani. Mtoa mada aliona macho yamefumbwa, akadhani ni tafakari, akaongeza sauti.

"Sasa kila mmoja," alinguruma kwenye kipaza sauti, na watu wakashtuka, "amgeukie jirani yake amwambie: Jirani, chukua mzigo wangu!"

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halikupangwa na mtu. Walioamka walitazama kushoto, wakaona mtu mwenye shida zake. Wakatazama kulia, wakaona vilevile. Basi kwa mazoea ya miaka mingi uwanja mzima uligeuka nyuma, alipokuwa amesimama Isdori na benchi begani, na kwa sauti moja yenye usingizi wakamwambia, "Jirani, chukua mzigo wangu."

Isdori aliweka benchi chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akageuka, akaondoka. Hakuna aliyemwita, kwa sababu walidhani anakwenda kuleta jingine.

Alipita nyuma ya kanisa, akakata njia ya mashambani, akafika kwenye shamba lake la ulezi. Upande mmoja alikuwa ameanza kutengeneza matuta ya duara kama wafanyavyo Wafipa tangu enzi, nyasi zikifukiwa chini ya udongo zioze ziwe mbolea, ile ambayo haijawahi kuwa na ruzuku wala kuondolewa. Akaketi juu ya tuta moja. Alitaka kusali. Akafungua kinywa, akaona hana la kusema, akakifunga.

Ndipo alipopita Rhoda, fimbo mkononi, akitafuta ndama aliyepotea.

Rhoda alikuwa mjane. Yeye na marehemu mumewe, Nestory, walitoka kaskazini na ng'ombe wao wakahamia pembezoni mwa Katandala, watoto wao, wa kwanza Gabriel, wakazaliwa hapohapo. Bado kigango kiliwaita wageni. Ng'ombe wao wakiingia kwenye mahindi ya mtu, waliitwa janga. Maziwa yakihitajika, waliitwa ndugu katika Kristo. Nestory alipofariki, waamini wengi walikuwa na udhuru. Isdori alikwenda, akashika sepetu pamoja na wanafamilia, akazika, na majuma mengi baadaye aliendelea kupita pale jioni kusali na mjane. Kwenye semina Rhoda hakuwepo kwa sababu hakualikwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina." Isdori akatikisa kichwa. "Mama Gabriel, hata hiyo nimeitikia kwa mazoea tu."

Rhoda aliitazama sura yake, akaweka fimbo chini, akaketi juu ya tuta la pili. Kutoka mbali sauti ya kipaza sauti iliwafikia vipandevipande.

"Siumwi," Isdori alisema mwishowe. "Nimechoka. Tafadhali usiseme amina."

"Sisemi."

"Nikisali maneno yanatoka, lakini mimi simo ndani yake. Nyumba ina taa, wenyewe wamehama. Watu wananiletea shida zao nazipokea, kisha sioni pa kuzipeleka. Nimeogopa kumwambia hata mke wangu hilo."

Rhoda alichuma jani la nyasi, akalizungushia kidoleni. "Nestory alipofariki, Mwalimu, mimi sikusali mpaka mvua zilipokuja. Wewe ulikuwa unakuja, unasali, mimi nimekaa nimefumba macho. Ulidhani nasali?"

"Nilidhani."

"Nilikuwa nimekaa tu. Sikuwa na neno hata moja, nilikuwa na hasira. Nikasema moyoni, huyu mtu anasali, basi nyumba hii imesaliwa. Nikakuachia." Akatupa lile jani. "Sasa kaa wewe. Nitasali mimi, na wengine watakaoweza. Wewe kaa tu, ukipenda ufumbe macho."

Isdori alilia. Hakulia kwa adabu ya kanisani. Alilia kwa kelele, kamasi zikichuruzika juu ya kamba za dhahabu. Rhoda akageukia upande wa mlimani kama mtu anayetafuta ndama, na kwa kweli alikuwa bado anamtafuta.

Alipotulia, Rhoda alisimama. "Jumapili nitaongoza mimi. Mama Jane anitilie alama kitabuni."

"Unajua kusoma?"

"Polepole."

Habari hiyo ilimfikia Zenon kabla Jumapili haijafika, naye akaenda moja kwa moja kwa Scola. Utaratibu hauruhusu, alisema. Mwanamke, tena mgeni, tena wa ng'ombe.

"Utaratibu upi, Mwenyekiti?" Scola aliuliza.

"Utatungwa."

"Basi ukitungwa utanikuta kanisani."

Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko Krismasi; watu walikuja kuona aibu ya mtu mwingine, kivutio ambacho hakijawahi kukosa waamini. Rhoda alisimama mbele, amevaa khanga safi, kitabu kimeinuliwa hadi karibu na pua. Alisoma silabi kwa silabi. Akifika kwenye neno refu alisimama mbele yake kama ng'ombe aliyefika mtoni, akalipima, akarudi nyuma, akajaribu tena. Kwenye mabenchi palisikika vicheko vilivyobanwa. Kisha akakwama kabisa. Neno lilikuwa "wanaolemewa". Alilijaribu, likamkatalia. Akalijaribu tena. Jasho lilimtoka usoni, lakini hakuondoka.

"Wanaolemewa," ilisema sauti. Alikuwa Felisian, seremala.

"Wanaolemewa," Rhoda akarudia. "Ahsante, baba." Akaendelea.

Neno gumu lililofuata walimsaidia watu kadhaa. Baada ya hapo hakuna aliyejua lilianzaje, lakini kila alipopunguza mwendo kanisa lilimpokea, na alipolipata neno lilimwachia, mpaka somo likawa la watu wote, likisomwa kwa sauti ya kushirikiana, bila mpangilio. Hata waliokuja kucheka walijikuta wanasubiri kwa hamu zamu yao ya neno.

Isdori alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, kando ya mlango, alipokuwa hajawahi kukaa tangu awe katekista. Katikati ya maombi ya waamini alilala. Hakulala kama mtu anayesinzia. Alilala kama gunia, kichwa ukutani, akakoroma. Zenon alinyanyuka akaja kumwamsha kwa heshima ya nyumba ya Mungu. Scola alimwekea mkono kifuani.

"Mwenyekiti, kaa. Au nenda kasome wewe."

Zenon alitazama mbele, akaona urefu wa maombi yaliyobaki kitabuni, akakaa.

Rhoda alifunga ibada kwa maombi yake mwenyewe. "Mungu, Mwalimu amechoka. Sisi tumemchosha. Sasa tupo." Watu waliinamisha vichwa wakingoja mengine. Hayakuja. Kimya kile kilirefuka, na ndani yake ukasikika mkoromo wa Isdori, na baadhi ya watu wakaanza kutazama miguu yao. Mama Cornelia alifungua kinywa kusema amina, akaonekana kufikiri, akakifunga.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka kama yanavyonyooka kwenye semina. Felisian alichukua paa, akatangaza kwamba kumbe vijana wa kwaya hawaogopi kwenda juu wakitanguliwa na mtu. Mama Cornelia alichukua wagonjwa, na wagonjwa wakajifunza habari za goti. Lakini aliwapikia uji, na akawa anakuja hata siku za mvua. Zenon alijitolea mazishi. Alizika mara moja, akamsifu marehemu kwa moyo wa ushindani, na familia zilizofuata zikaomba kwa adabu kuzikiwa na Rhoda. Zenon aliumia, akakaa siku kadhaa amenuna, halafu akapeleka unga msibani kimyakimya, bila hotuba, na hilo aliliweza vizuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Waligombana pia. Walisahauliana zamu. Lakini mtu aliyeshindwa aliweza sasa kusimama kwenye matangazo akasema amechoka, na hakuna aliyepiga ngoma, jirani yake aliuliza tu, "Nikushikie nini?" Watoto walilijua upesi neno hilo la kuchoka, wakawa wanalitumia kukwepa kuteka maji.

Isdori alikaa benchi la nyuma mpaka ulezi ulipovunwa. Sala ilimrudia bila kishindo. Siku moja alikuwa anapepeta ulezi na Scola, akajikuta amekuwa akimshukuru Mungu kwa muda, hajui tangu lini. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, naye akasema, "Shika ungo vizuri."

Aliporudi kazini alirudi nusu. Aliacha paa, aliacha nusu ya wagonjwa, akabaki na darasa la ubatizo, alilolipenda. Asubuhi moja aliwasimulia watoto habari za Yesu alivyosafiri kwa miguu akafika kwenye kisima adhuhuri, akaketi hapo, akamwomba maji mwanamke wa kabila jingine.

"Kwa nini aliketi?" aliuliza msichana mmoja.

"Alikuwa amechoka."

Watoto walimkodolea macho. Hakuna aliyewahi kuwaambia hilo.

"Mbona hakuteka mwenyewe?" msichana aling'ang'ania. "Si alikuwa Mungu?"

"Hakuwa na ndoo," alisema Isdori.

Watoto walicheka mpaka wakaegemeana. Isdori aliwaacha wacheke, akawafungulia mlango watoke wakacheze, naye akavuta kiti mpaka penye jua, akanyoosha miguu.